Mradi wa ushirikishwaji umefika katikati na njia tuliyopanga haifanyi kazi: tubadilishe nini, na kwa idhini ya nani?

Mratibu wa Uwanjani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa watu waliowahi kusimamia miradi ya ushirikishwaji wa jamii, hasa wale waliolazimika kuigeuza ikiwa imekwishaanza. Ninaratibu mradi wa miezi 24 unaowakutanisha wakazi na watoa huduma wa vituo sita vya afya, ili malalamiko na mapendekezo ya wakazi yawafikie wanaohusika na yapate majibu. Andiko la mradi, ambalo lilikamilika kabla sijaajiriwa, linataka kila eneo lifanye mkutano mmoja wa hadhara kila mwezi, na kiashiria kikuu kwenye bangokitita (jedwali la mpango wa mradi linaloonyesha kazi, matokeo na vipimo vyake) ni idadi ya mikutano iliyofanyika pamoja na idadi ya waliohudhuria. Tumemaliza mwezi wa tisa.

Miezi mitatu ya kwanza tulikuwa tukipata watu 80 hadi 90 kwa mkutano. Sasa, karibu kila eneo, 30 wanapatikana kwa shida, na wengi ni wale wale: viongozi wa mitaa, wazee wa kiume na vijana wachache wanaosimama pembeni. Wanawake, ambao ndio watumiaji wakubwa wa vituo hivi, huketi nyuma na huanza kuondoka kabla kikao hakijafungwa. Mwezi uliopita nilikwenda kusimama karibu nao kwa makusudi. Mwezeshaji alipouliza kama kuna mwenye la nyongeza, hakuna aliyeinua mkono. Lakini mkutano ulipovunjika, wanawake sita walisimama kando ya ukuta na kuzungumza kwa karibu nusu saa juu ya mkunga anayewafokea wajawazito, na juu ya dirisha la dawa linalofungwa mapema kuliko saa iliyoandikwa mlangoni. Hakuna hata moja la hayo lililoingia kwenye muhtasari, kwa kuwa mwandishi wa kikao alikuwa amekwishafunga daftari lake.

Wazo langu ni kupunguza mikutano ya hadhara hadi mmoja kwa kila robo mwaka, na fedha zitakazobaki zitumike kwa vikundi vidogo vya watu 8 hadi 12, wanawake peke yao na vijana peke yao, pamoja na mazungumzo ya nyumbani kwa wale wasioweza kutoka. Wahamasishaji wangerekodi sauti kwa simu ili lisipotee neno. Timu yangu imegawanyika. Mwenzangu wa ufuatiliaji na tathmini anasema tukibadilisha sasa, takwimu za mwaka wa kwanza hazitalinganishika na za mwaka wa pili, na mfadhili atatuuliza kwa nini hatukuliona hili tangu mwanzo. Mkurugenzi anataka tuendelee na ratiba kama ilivyo, kisha matatizo haya tuyaandike kwenye ripoti ya mwisho, chini ya kichwa cha mafunzo tuliyoyapata. Kwangu mimi huko ni kukiri kosa wakati ambao haliwezi tena kumsaidia mtu.

Nauliza mambo matatu. Nitajuaje kwamba ninachokusudia ni kuurekebisha mradi na si kuyumba tu? Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuamua? Na mfadhili aambiwe lini, kabla ya mabadiliko au baada yake?

Mtathmini Mstaafu alijibu:

Dada Mratibu, nimesoma swali lako nikakumbuka vikao vingi ambavyo ningetamani mtu ayaseme haya mwezi wa tisa badala ya mwezi wa ishirini na tatu. Nianze na hofu ya mwenzako wa takwimu, kwa sababu ndiyo itakayokuzuia zaidi.

Bangokitita lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na shabaha yake ilikuwa njema: kumlazimisha mpangaji aonyeshe jinsi kazi anayoifanya itakavyoleta matokeo anayoyaahidi. Watu husahau safu yake ya mwisho, ile ya dhana zinazochukuliwa kuwa kweli. Nakuomba ulifungue bangokitita lenu leo uisome safu hiyo. Nina hakika utakuta sentensi inayofanana na "wakazi watakuwa tayari kuhudhuria na kuzungumza kwa uwazi". Hiyo ndiyo dhana iliyovunjika, na kwa kuwa imeandikwa ndani ya waraka uliokubaliwa na pande zote, huhitaji kumwomba mtu yeyote radhi kwa kuripoti kwamba imevunjika. Kuiripoti ni wajibu ambao waraka wenyewe unakupa.

Sasa swali la kurekebisha au kuyumba. Mimi hutenganisha lengo na njia, halafu natazama kilichoguswa ni kipi. Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa mazishi wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 huko Gine, Liberia na Sierra Leone. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana, kwa hiyo timu za mazishi zilifika zimevaa mavazi ya kujikinga, zikabeba maiti na kuondoka. Kitaalamu walikuwa sahihi. Familia zilizoona ndugu zao wakifukiwa bila dua wala heshima zilianza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa mazishi salama na ya heshima: familia na viongozi wa dini walihusishwa katika kupanga na kuandaa mazishi, na kwa marehemu Mwislamu ukaelezwa utaratibu wa kumtayamamisha badala ya kumwosha kwa maji, kisha kumvisha sanda. Tazama kilichobaki na kilichobadilika. Lengo, yaani kuzuia maambukizi yatokanayo na maiti, halikusogea hata kidogo. Njia ndiyo iliyogeuzwa, na iligeuzwa kwa kuwasikiliza wale wale ambao awali walionekana kuwa kikwazo.

Kwa kesi yenu, lengo ni malalamiko yawafikie wahusika na yapate majibu. Mkutano wa hadhara ni njia. Ukibadilisha mkutano, uko ndani ya mipaka. Ukijikuta unaandika kwamba lengo sasa ni "kujenga uelewa wa wakazi" kwa sababu majibu yamekuwa magumu kupatikana, hapo mmeyumba, hata kama maneno yatapangwa vizuri namna gani.

Kuhusu takwimu, muulize mwenzako kwa upole: kitu gani hasa anataka kukilinganisha? Daftari la mahudhurio linakuambia ni watu wangapi walioketi, basi. Lakini hofu yake ina msingi, kwa hiyo mpe kitu: bakizeni kiashiria kimoja cha zamani muendelee kukipima hadi mwisho, na kando yake muanzishe kipya, kwa mfano idadi ya masuala yaliyopata jibu na siku zilizopita tangu yaliposemwa. Mtaalamu wa tathmini Rick Davies alipokuwa akifanya kazi nchini Bangladesh katika miaka ya 1990 alibuni njia ya kukusanya simulizi za mabadiliko kutoka kwa watu wenyewe, kisha ngazi moja baada ya nyingine kuchagua ile inayoonekana nzito zaidi na kueleza sababu ya kuichagua. Njia hiyo haihitaji viashiria vilivyopangwa tangu mwanzo, na kwa mradi unaogeuka katikati ya safari inafaa sana, mradi isitumike peke yake.

Mfadhili aambiwe kabla. Usimpelekee ombi la kurasa 15; kurasa mbili zinatosha: tuliloliona, dhana iliyovunjika, tunachopendekeza, kitakachobaki kama kilivyo, na fedha zitahama kutoka kasma (fungu la bajeti) ipi kwenda ipi. Mikataba mingi huruhusu kiasi fulani kihamishwe bila kibali cha maandishi, mara nyingi asilimia 10, ila usome wenu kwanza. Maafisa wa wafadhili niliofanya nao kazi walikasirishwa zaidi na kushtukizwa kuliko kubadilishiwa.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo ningelifanya hata kama mengine yote yangeshindikana: fungueni daftari la mabadiliko. Sisemi jedwali la kupendeza, daftari. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiandika: "Tarehe 4. Tumeona wanawake hawazungumzi mkutanoni lakini wanazungumza ukutani. Tunadhani sababu ni uwepo wa viongozi. Tunajaribu vikundi vya wanawake peke yao katika maeneo matatu kwa miezi miwili. Ameamua nani: kikao cha timu na wawakilishi wanne wa wakazi. Tutajua tumekosea iwapo hata humo watanyamaza. Tutarudi kuangalia tarehe 6 ya mwezi wa tatu kutoka sasa." Sentensi ya "tutajua tumekosea" ndiyo inayotofautisha marekebisho na kubahatisha. Ukishindwa kuiandika, basi hujafahamu bado unabadilisha kwa sababu gani.

Mhamasishaji wa Zamani alijibu:

Dada, na Mzee Mtathmini, shikamoo. Naomba niende kinyume kidogo, kwa heshima, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili: sikuwa mwenye kuamua mabadiliko, nilikuwa mwenye kutumwa kuyatangaza.

Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, ambao sitautaja, utaratibu ulibadilishwa mara nne ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza tuliambiwa tuunde kamati za wakazi. Tukaunda, watu wakachaguana kwa kura, wakajivunia. Mara ya pili kamati zikavunjwa, tukaambiwa tufanye mazungumzo ya kaya kwa kaya. Mara ya tatu dodoso kwa simu. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri iliyoandikwa vizuri ofisini, nina hakika, lakini mimi nililipata kwa ujumbe mfupi wa simu jioni, na asubuhi yake nilipaswa kwenda kumwambia mzee aliyechaguliwa mwenyekiti kwamba kamati yake haipo tena. Aliniuliza, "Nimekosa nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amekosa lolote. Mara ya nne nilipokwenda, watu walikuwa wananisikiliza kwa adabu tu.

Kwa hiyo kabla hujahamia kwenye vikundi vidogo, nakuuliza swali ambalo sikuliona kwenye maelezo yako. Yale yaliyosemwa katika miezi mitatu ya kwanza, wakati watu 80 walipokuwa wanakuja, yalijibiwa? Na kama yalijibiwa, nani aliwapelekea jibu, na alisimama wapi kulisema? Naamini unatazama sura ya kikao wakati ugonjwa uko kwenye mrejesho. Mtu akisema jambo mara tatu asisikie kitu, hana haja ya kuja mara ya nne, na kumwekea kikundi kidogo kizuri chenye faragha ni kumwomba aliseme jambo lile lile kwa mara ya nne kwa sauti ya chini zaidi.

Nilipokuja kusoma baadaye nilikutana na ngazi ya ushirikishwaji wa wananchi iliyochorwa na mwandishi wa Marekani Sherry Arnstein mwaka 1969, yenye vidato vinane, kuanzia kuwachezea watu akili hadi wananchi kushika hatamu wenyewe. Kilichonigusa ni kwamba kutoa taarifa na kuomba maoni, mambo ambayo miradi yetu mingi huyaita ushirikishwaji, yeye aliyaweka katikati, kwenye kundi la ushirikishwaji wa jina tu, kwa sababu anayesikilizwa hana uhakika wowote kwamba alilolisema litazingatiwa. Kubadilisha mkutano kuwa kikundi hakukupandishi hata kidato kimoja.

Ushauri wangu ni mdogo. Chukua mihtasari yote tangu mwezi wa kwanza, kaa na wahamasishaji wako siku moja, hesabuni masuala yaliyosemwa na yaliyojibiwa mbele ya walioyasema. Kisha ndipo uamue unabadilisha nini. Na utakapobadilisha, wahamasishaji wawe chumbani siku ya kuamua. Wao ndio waliotoa ahadi kwa vinywa vyao.

Mratibu wa Uwanjani aliandika:

Kaka Mhamasishaji, nimechelewa kujibu kwa sababu nilifuata ushauri wako, na ilituchukua siku mbili.

Mikutano 54 imefanyika. Mihtasari 49 ilipatikana. Mitano haijulikani iliko, jambo ambalo nalo ni habari. Tulihesabu masuala 131, na tulipoondoa yanayojirudia yakabaki 43. Yaliyopata jibu likasemwa mbele ya wakazi ni matano. Mengine kama kumi hivi yalishughulikiwa kwa kweli, kwa mfano benchi za kusubiria ziliongezwa katika kituo kimoja, lakini hakuna aliyewaambia wakazi kwamba benchi hizo zilitokana na neno lao. Katika muhtasari wa mwezi wa nne wa eneo moja kuna mstari huu, nauandika kama ulivyo: "Mama mmoja aliuliza yale ya mwezi wa kwanza yamefikia wapi. Mwezeshaji alimwomba asubiri ajenda ya mengineyo." Tulipofika kwenye mengineyo ya muhtasari huo, hapakuwa na kitu. Mwezeshaji mwenyewe alikuwa ameketi nasi tulipousoma. Aliomba atoke nje kidogo.

Jambo la pili lilitushangaza. Kati ya maeneo sita, kuna moja ambalo mahudhurio hayakushuka chini ya 60. Tulidhani ni kwa sababu liko karibu na barabara. Kumbe mganga mfawidhi wa kituo cha hapo huja mwenyewe kila mkutano na huanza kwa kusoma yaliyosemwa mwezi uliopita na alilolifanya kwa kila moja, hata pale ambapo jibu ni "hili liko nje ya uwezo wangu". Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo, wala halimo kwenye andiko.

Lakini naomba niseme pia kwamba hata katika eneo hilo wanawake hawazungumzi hadharani. Wanakuja, wanakaa hadi mwisho, na wananyamaza. Kwa hiyo nadhani nina matatizo mawili niliyokuwa nimeyafunga kwenye kifurushi kimoja.

Msimamizi wa Maadili alijibu:

Dada Mratibu, nimekuwa mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti kwa miaka kadhaa na nitabaki kwenye upande huo tu. Umetaja kwa haraka kurekodi sauti, mazungumzo ya nyumbani na mkunga anayefokea wajawazito, na hakuna aliyeyagusa. Mimi nimeyaona hayo kuwa mazito kuliko takwimu.

Kama sehemu yoyote ya mradi wenu ni utafiti uliopitishwa na kamati, badiliko linalogusa hatari kwa washiriki, usiri wao au maelezo waliyopewa wakati wa kutoa ridhaa linahitaji kibali kabla ya kutekelezwa. Anayekubali kuketi mkutanoni hajakubali kurekodiwa sebuleni. Isipokuwa tu pale ambapo kuna madhara ya papo hapo yanayopaswa kuzuiwa, huanzi kwanza ukaomba baadaye. Kubadilisha saa au mahali pa kikao kwa kawaida hakuhitaji hayo yote. Kinachosaidia miradi kama yenu ni kuiomba kamati ipitishe mipaka badala ya kikao kimoja kimoja: vikundi vya watu wangapi, vya akina nani, maswali ya aina gani, kumbukumbu zitunzwe vipi, na jambo gani likitokea lazima mrudi kamatini. Mkishapata hiyo, mtakuwa na nafasi ya kugeuka bila kugonga mlango kila wiki.

Sasa mkunga. Fikiria kikundi cha wanawake kumi wakieleza alivyowafanyia. Mnaahidi usiri. Lakini kituo kina wakunga wangapi? Kama ni wawili, kufuta jina hakufichi kitu. Na kama mama mmoja peke yake ndiye aliyejifungua wiki hiyo, hata msemaji anajulikana. Mwezi ujao atarudi kwenye kitanda kile kile, mbele ya mkunga yule yule. Mkutano wa hadhara, pamoja na udhaifu wake wote, ulikuwa unawalinda kwa namna moja: walijua nani anasikia, wakachagua kunyamaza. Ukimya wao huenda ni uamuzi wa busara, na ninyi mnapanga kuufungua. Ufungueni tu kama mnayo njia ya kulifikisha neno bila kumfikisha aliyelisema, kwa mfano kukusanya ya vituo vyote sita na kuyawasilisha kwa pamoja, na kama mmekubaliana mapema nani atapokea shutuma dhidi ya mtumishi mmoja na kwa utaratibu gani wa haki, kwa kuwa mkunga naye ni mtu wa kusikilizwa. Mazungumzo ya nyumbani nayo yana tatizo lake: kuta za nyumba hazina siri, na mara nyingi mume au mama mkwe yuko chumba cha pili.

Nitaje mfano mmoja wa gharama ya kuchelewa kusikiliza. Mwaka 2004 nchini Kambodia jaribio la vidonge vya kujikinga na VVU lilisimamishwa, na mwaka uliofuata jaribio kama hilo nchini Kamerun likasimamishwa pia, huku kukiwa na malalamiko mazito kutoka kwa wanaharakati na wawakilishi wa walengwa, yakiwemo ya matibabu ya wale ambao wangeambukizwa wakiwa ndani ya utafiti. Swali la kisayansi lilikuwa halali. Kilichokosekana ni mahali ambapo hoja hizo zingejibiwa mapema na mpango ukabadilika kwa ajili yake. Mwaka 2007 UNAIDS, chombo cha Umoja wa Mataifa cha UKIMWI, na AVAC, shirika la utetezi wa kinga ya VVU, wakatoa mwongozo wa ushiriki bora katika majaribio ya kinga ya VVU, na toleo la pili likafuata mwaka 2011. Usome hata kama mradi wako si wa majaribio ya dawa. Sehemu zinazohusu kushughulikia malalamiko zinatumika popote.

Mtathmini Mstaafu aliandika tena:

Nakubali kwamba Kaka Mhamasishaji ameona nilichokiruka. Nilipokea utambuzi wa tatizo kama ulivyoletwa, nikakimbilia tiba; ni kosa la wazee wa kazi hii.

Nina nyongeza moja tu. Sasa kwa kuwa matatizo ni mawili, msiyabadilishe yote siku moja katika maeneo yote sita, maana mahudhurio yakipanda hamtajua kilichoyapandisha. Anzeni mrejesho kila mahali mara moja, kwa sababu hilo ni deni na deni halifanyiwi majaribio. Vikundi vya wanawake vianze katika maeneo matatu, baada ya kibali, na moja kati ya hayo liwe lile la mganga mfawidhi, ambako mrejesho tayari upo na ukimya bado upo. Hapo ndipo mtaona kama kikundi kidogo kinafanya kazi kwa nguvu yake chenyewe.

Na yule mwezeshaji aliyetoka nje, mpe nafasi ya kusoma majibu ya kwanza. Usimwondoe.

Mratibu wa Uwanjani aliandika:

Nawashukuru wote. Naeleza tulipofika ili anayesoma baadaye ajue.

Tumemwandikia mfadhili kurasa mbili, tukaambatanisha hesabu ya masuala 43 na matano. Afisa wao alipiga simu siku ya tatu; swali lake la kwanza halikuwa kwa nini hatukuliona mapema, bali lilikuwa kuhusu mihtasari mitano iliyopotea. Ametukubalia kuhamisha sehemu ya fedha, na ametaka kiashiria cha masuala yaliyojibiwa kiingizwe rasmi kwenye bangokitita huku kile cha mahudhurio kikiendelea. Mkurugenzi ameridhia, ingawa ameniambia waziwazi kwamba bado anaona tungeweza kusubiri. Mikutano ya hadhara haijapunguzwa. Nilikuwa nimekosea kutaka kuipunguza kabla hatujalipa tunachodaiwa ndani yake.

Katika mikutano iliyofuata, maeneo yote yalianza kwa kusoma masuala ya nyuma. Mengi yalisomwa na jibu la "bado" au "haliwezekani, na sababu ni hii". Mwezeshaji wetu alisoma lile la mama wa mwezi wa nne, akasema mbele ya watu kwamba aliuliza na hakujibiwa, na kwamba aliyemnyima jibu ni yeye. Mama huyo hakuwepo. Jirani yake alisema atamfikishia.

Ombi la mipaka liko kamatini. Kabla ya kulipeleka tuliwauliza wanawake wa maeneo matatu jinsi wanavyotaka mazungumzo yawe, na mambo mawili yalifutwa pale pale: kurekodi sauti, na kutembelewa nyumbani. Badala yake wameomba mwandishi awe mwanamke asiyetoka eneo lao, na kila alichokiandika awasomee kabla hawajatawanyika, wakiwa na haki ya kusema "hili lifute". Tumeliandika hivyo kwenye ombi. Kwenye daftari la mabadiliko, mbele ya maneno "tutajua tumekosea iwapo", tumeandika: iwapo watafuta kila kitu. Tarehe ya kurudi kuangalia ni ya 6, mwezi wa kumi na tatu wa mradi.